Gramu Mia Nne na Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, nami nimeanza daftari hili. Fomu zetu za ofisini zina safu ya bei, safu ya uzito, safu ya duka, na mwisho kabisa safu ya "Maoni" inayotosha maneno matatu ukiandika kwa herufi za sisimizi. Mwaka wa kumi na moja huu nakusanya bei kwa ajili ya takwimu za serikali, na maoni yangu hayajawahi kuenea mle. Nimeamua kuyatafutia nyumba.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mwezi nazunguka kwenye maduka, mabucha na vibanda sitini na vinne, nauliza bei za vitu vilevile, naandika. Wenzangu wanafanya hivyohivyo nchi nzima. Karatasi zote zinakwenda kwa mkuu wa kitengo, tunayemwita Bwana Desimali kwa kuwa hawezi kusema "karibu nusu". Atasema "sifuri nukta nne nane". Yeye ndiye anayezijumlisha, kisha redio inatangaza gharama za maisha zimepanda kiasi gani. Nyongeza za mishahara na pensheni zinatokana na hapo, na hotuba za wakubwa pia. Watu wakinicheka kwamba nalipwa kuuliza bei ya vitunguu, huwajibu kwamba hata waziri hajui bei ya vitunguu mpaka nimwambie mimi.

Jumanne, 11 Machi

Jumanne ya pili ya mwezi ni siku ya mkate. Kwenye orodha yangu imo bekari ya kaka yangu. Sikuichagua mimi, ilichaguliwa kwa kura kabla sijaajiriwa, na Bwana Desimali alisema almradi napima kwa kaka kama ninavyopima kwa wengine, undugu si kosa. Kaka aliirithi kwa baba: tanuri la matofali linalokula kuni, meza mbili ndefu za kukandia, na wafanyakazi wanne, wawili wao wamekuwapo tangu baba akiwa hai.

Mimi hupima. Nalisema hili kwa majivuno kwa sababu wenzangu hawapimi. Karatasi ya mkate imeandikwa gramu 500, basi wananakili 500 na kwenda zao. Mwongozo unasema upime mikate mitano uchukue wastani. Mizani yangu nimeinunua kwa pesa yangu, inalala kwenye mkoba pamoja na mwavuli.

"Mama Mizani huyo," kaka aliwaambia vijana wake. "Ficheni vidole, asije akavipima navyo."

Wastani gramu 502, bei 700. Wifi alinipa chai, kavu. Huyu wifi yangu ni mkono wa birika tangu siku ya harusi yake.

Ijumaa, 14 Machi

Redio ya jioni imetoa amri mbili kwa pamoja. Ya kwanza: ngano ya kutoka nje itatozwa ushuru mara mbili, ili wakulima wetu wapate soko na uchumi ukue. Ya pili: ili mwananchi asiumie, mkate wa nusu kilo hautauzwa zaidi ya 600 kuanzia tarehe mosi Aprili, na atakayezidisha bei au kupunja uzito atafungiwa biashara.

Nimefurahi. Kwa miaka minne nimeandika kwa mkono wangu bei ya mkate ikipanda kutoka 380 hadi 700. Angalau kuna mtu anasoma ninachoandika.

Jumapili, 16 Machi

Nilikula mchana kwa kaka, na bora ningebaki kwangu. Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

"Gunia la unga lilikuwa elfu arobaini," alisema. "Juzi redio imesema, jana mwenye ghala kanipigia: elfu hamsini na mbili. Na huo ushuru wenyewe haujaanza."

"Si ununue ngano ya hapahapa nchini. Ndiyo maana yake."

"Iko wapi? Mvua ndiyo kwanza inanyesha, dada. Mkate wa kesho siwezi kuuoka kwa ngano ya mwakani."

Nikamwambia wanaojua mambo wamekaa wakapiga hesabu, na kwamba uchumi umekua kwa asilimia sita nukta moja, hiyo takwimu imetoka ghorofa ya juu yetu.

"Umekua ukahamia mtaa gani?" akauliza. "Hapa hatujauona."

Wafanyakazi wake walicheka. Mimi nilimwambia wafanyabiashara hulia hata wakiwa wameshiba. Wifi aliinuka akaanza kutoa sahani, yangu ikiwa bado na chakula.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Nina jozi mbili za viatu na zote zimelowa.

Jumanne, 1 Aprili

Mkate 600. Foleni kila bekari, watu wanataniana kama siku ya harusi. Mzee mmoja mbele yangu alinunua minne, akasema analipiza kisasi cha miaka yote aliyokula nusu. Nami nilinunua miwili. Nilipofika nyumbani binti yangu aliuinua mmoja akasema, "Mama, mbona mwepesi?" Nikamwambia ni hamira.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya mkate. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Nilipofika, kaka hakutania. Aliwaambia vijana waendelee, akanipeleka nyuma, kwenye chumba cha unga. Zamani magunia yalifika darini. Leo yalikuwa tisa, yamepangwa mbali na ukuta unaovuja.

"Dada," akasema, "leo hiyo mizani iache kwenye mkoba. Andika kilichoandikwa kwenye karatasi, kama wenzako."

Sikuhitaji kuuliza. Nilichukua mkate mmoja kwenye trei nikaupima mkononi tu, nikajua.

"Umepunguza."

"Gunia sasa ni elfu hamsini na tisa. Kuni zimelowa, zinatoa moshi bila moto, natumia mara mbili. Nikioka nusu kilo kamili nikauza mia sita, kila mkate unaotoka hapo mlangoni unaniacha nyuma. Nikipandisha bei, nafungiwa. Nimfukuze nani? Yule aliyemfundisha baba kukanda? Maji yamezidi unga, dada. Kila bekari mjini imepunguza, nenda kapime."

Nami nilikuwa na jibu. Jibu zuri sana. Nilimwambia hiyo ndiyo sababu hasa ya kupima. Nikiandika 500 wakubwa wataamini amri yao inafanya kazi. Nikiandika ukweli, wataona kwamba mwananchi analipa kidogo na kupata kidogo zaidi, na wataurekebisha ule ushuru. Nikamwambia, "Ukificha ugonjwa, daktari atajuaje?"

"Na daktari akija na pingu?"

Nikafungua mwongozo, ukurasa wa kwanza, nikamsomea: taarifa za mtoa bei ni siri, hazitatolewa kwa mamlaka yoyote wala kutumika kumshtaki. Kuna muhuri chini. "Kwa jina la baba," nilimwambia, "karatasi hii haitoki ofisini kwetu."

Kisha akabeba mwenyewe mikate mitano akaipanga mbele yangu. Gramu 412, 408, 411, 407, 412. Wastani 410. Bei 600.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Jumatano, 9 Aprili

Bwana Desimali aliniita. "Gramu mia nne na kumi? Una hakika?" Nikamwambia kila mkate nimeupima mara mbili. Akatoa kikokotoo. Kwa fomu za wenzangu, mkate umeshuka kwa asilimia kumi na nne nukta mbili tisa. Kwa fomu yangu, ukihesabu gramu kwa gramu, umepanda kwa nne nukta tisa tano.

"Hii ndiyo kazi," alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Wengine wote wananinakilia karatasi. Wewe unanipa mkate." Nilirudi mezani kwangu nikijiona mrefu.

Jumanne, 15 Aprili

Bwana Desimali ameitwa ghorofa ya juu. Alirudi akafunga mlango.

Alhamisi, 17 Aprili

Ofisi kimya. Mvua imevunja daraja la barabara ya maghala. Sukari nayo haipo dukani, imepangiwa bei wiki iliyopita. Kwenye orodha ya fomu yangu bado imo.

Jumanne, 22 Aprili

Wifi alinipigia saa nne asubuhi. Nilidhani kaka anaumwa. Alisema maneno manne tu: "Njoo uone kazi yako."

Nilikuta lori la wazi mlangoni na wakaguzi watano wenye makoti ya mvua. Walikuwa wanabeba magunia ya unga kuwa kidhibiti, wanayarusha juu ya lori, na mvua inanyesha juu yake hivyohivyo. Hakuna aliyeleta turubai. Nilimwambia mmoja wao unga huo utaharibika kabla haujafika kona. Akanijibu kwamba kidhibiti ni kidhibiti hata kikiwa uji.

Tanuri walilimwagia maji likiwa la moto. Baba alikuwa akisema tanuri la matofali halizimwi, linaachwa lipoe lenyewe. Nilisikia matofali yakipasuka ndani, moja baada ya jingine. Unga uliokandwa alfajiri ulibaki kwenye makarai. Mlango ukafungwa, ukabandikwa karatasi nyekundu. Kupitia dirishani nilikuwa nauona ule unga unaumuka, unapanda ukingo, unamwagikia sakafuni, na hakuna mwenye ruhusa ya kuingia.

Wifi ndiye aliyenisimulia mwanzo wake, kwa sababu kaka hakusema na mtu. Mkaguzi mkuu aliingia na karatasi mkononi. Hakupima chochote. Aliuliza, "Wewe ndiye wa gramu mia nne na kumi?"

"Kaka yako alikaa chini hapohapo," wifi akaniambia. "Hakuuliza wametoa wapi. Kuna mizani moja tu mji huu inayosema mia nne na kumi."

Niliomba nizungumze naye. Alikuwa ameketi kwenye gogo la kuni, kalowa chapachapa, wafanyakazi wake wanne wamesimama pembeni mikono ikining'inia. Nilisema "Kaka." Aliinuka, akaenda kuwasaidia wakaguzi kuinua gunia la mwisho, kwa kuwa lilikuwa linawashinda.

Jumatano, 23 Aprili

Niliingia kwa Bwana Desimali bila kubisha hodi. Nilimwekea mwongozo mezani, ukurasa wa kwanza.

"Naujua," alisema. "Niliuandika mimi."

"Basi?"

"Hotuba ya bajeti inasema mkate umeshuka kwa asilimia kumi na nne. Fomu yako inaivuruga. Waliniuliza bekari ipi. Nilikataa siku ya kwanza. Siku ya pili wakaniuliza nina miaka mingapi mpaka pensheni."

"Ukasema."

"Minne nukta mbili tano," akasema, na sidhani kama alikuwa anafanya mzaha.

Nilikwenda pale kumtukana. Nilitoka nikiwa sina tusi linalomfaa. Kwa miaka kumi na moja nilimdhani mwamba, na ni mtu tu, mwenye kikokotoo na hofu. Lakini ahadi kwa kaka niliitoa mimi, si yeye. Yeye alipewa fomu. Mimi nilipewa mikate mitano mkononi mwa ndugu yangu, nikajipalia makaa, nikampalia na yeye.

Jumapili, 27 Aprili

Nilipeleka mchele, mafuta na maharage kwa kaka. Wifi alipokea mlangoni. Nilitegemea anifukuze, na ningefukuzwa ningefarijika kidogo. Alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," kisha akanirudishia mfuko mtupu ameukunja vizuri, kwa kuwa mifuko nayo imepanda.

Nimejua leo kwamba tangu Machi alikuwa hanywi chai na sukari, ili vijana wa bekari wapate. Mimi nikamwandika humu kuwa mkono wa birika.

Ijumaa, 2 Mei

Mkate unapatikana kwa mlango wa nyuma, 950. Kwa mlango wa mbele, kwa 600, haupo kabisa. Bekari tatu zaidi zimefungwa, hizi hazikufungiwa na mtu, wenyewe wameshindwa.

Jumanne, 13 Mei

Siku ya mkate. Nilikwenda hadi kwenye mlango wenye karatasi nyekundu, nikasimama, nikaandika: "Imefungwa." Neno moja, lilienea kwenye Maoni.

Saa nane Bwana Desimali akanirudishia fomu. Duka likifungwa kwa muda, alisema, utaratibu ni kuendeleza bei ya mwisho kwa miezi mitatu. Utaratibu huo ni wa kweli, nimeutumia mara nyingi kwa wauza samaki wakiugua. Nikasema sawa: 600, gramu 410.

"Uzito uwe mia tano," alisema. "Uzito wa kisheria."

"Hajawahi kuuza mia tano kwa mia sita. Na Mei hajauza kitu. Mnataka nimwokee?"

Hakunitazama. Alisema mikataba yetu inaisha Juni, na ghorofa ya juu wameomba orodha ya majina ya kuongezewa. Wawili katika chumba chetu hawamo. Mimi bado nimo.

Niliwaza ada ya binti yangu. Niliwaza mchele ninaoupeleka kwa wifi kila Jumapili, na wale watoto watatu wanaoniita shangazi. Mshahara wangu sasa unalisha nyumba mbili, na moja ya hizo nimeibomoa mwenyewe. Nikiukosa, nitawapelekea nini, samahani?

Niliandika gramu 500. Bei 600. Nikatia saini. Mkono uliandika kama siku zote. Miaka kumi na moja umeshazoea.

Jumanne, 20 Mei

Redio: mfumuko wa bei umeshuka kwa mwezi wa pili mfululizo. Waziri amewashukuru waokaji wazalendo.

Jumapili, 25 Mei

Leo kaka amezungumza nami. Rufaa yake imekubaliwa kusikilizwa tarehe 12 Juni. Akishinda, atafunguliwa na kurudishiwa leseni. Akishindwa, leseni imekufa, na eneo, ambalo tangu enzi za baba ni la kupanga, linarudi kwa mwenye nyumba, ambaye tayari kamwonyesha mtu wa vipuri vya pikipiki.

Nilikuwa nimelifikiria wiki nzima. Nilimwambia: kosa wanalokushtakia ni kupunja uzito peke yako. Tukionyesha kwamba hakuna bekari inayoweza kutoa nusu kilo kwa mia sita, kwamba hata hao wasiofungiwa wanatoa gramu mia nne, basi kosa ni la amri, si lako. Nitanunua mkate kila bekari iliyobaki, nitapima, nitaandika kwa jina langu. Nitakuja kusema.

"Watakufukuza," alisema.

"Wanifukuze."

Alikuwa amekonda, na unga uliokuwa haumtoki kwenye nyusi miaka yote ulikuwa umetoka.

"Pima," akasema.

Sikumwambia kuhusu fomu ya Mei. Nilitaka kumwambia. Alikuwa ameshanimiminia chai.

Jumamosi, 31 Mei

Siku nne, bekari kumi na moja, kwa miguu, mvua juu. Kwingine niliuziwa kwa siri kama bangi. 405, 418, 396, 400, 421, 388, 410, 402, 415, 399, na mmoja uliojazwa maji mpaka ukawa 440. Hakuna 500. Binti yangu aliandika tarehe kwenye kila karatasi ya mkate. Tumekula mikate yenyewe siku nne mchana na jioni, hatutaki kuiona.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu Aprili. Alileta gauni langu la kijani alilokuwa ameliazima mwaka juzi, amelifua na kulipiga pasi. "Uvae hilo," alisema. "Ukiwa mbele yao usionekane mtu wa kuomba." Tulikaa. Alinisimulia kwamba kaka ameanza kupanga tena kuni ubavuni mwa nyumba, zile kavu upande wake. Alipotoka nilisimama mlangoni mpaka akakata kona. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia yeye, angalau, na sikuitumia.

Alhamisi, 12 Juni

Chumba cha kamati ni kidogo, kina meza ndefu na dirisha lisilofunguka. Wajumbe watatu. Mwenyekiti ni mama wa makamo, mpole, mwenye kusikiliza. Nilifarijika kumwona.

Kaka alieleza kwa ufupi. Gunia lilikuwa bei gani, limefika bei gani, mkate mmoja unataka unga kiasi gani. Alisema, "Sikumwibia mtu. Nilikata mkate ulingane na amri." Mwenyekiti aliandika sentensi hiyo, nilimwona.

Wakaniita. Niliweka karatasi kumi na moja mezani nikasoma vipimo kimoja kimoja.

"Umepima kwa mamlaka ya nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Yangu mwenyewe."

"Na ofisi yako inasemaje?"

Bwana Desimali alikuwa ameketi pembeni na faili. Alisimama akasoma: bekari kumi na tano za mji huu, mwezi Mei, uzito wa mkate gramu mia tano, bei mia sita. Alisoma namba nzima, bila nukta hata moja. Kisha akatoa karatasi moja akampa mwenyekiti, naye akanipa mimi.

"Hiyo saini ni ya nani?"

"Yangu."

"Soma, tafadhali. Kwa sauti."

Nikasoma. Jina la bekari ya kaka yangu. Tarehe 13 Mei. Mkate, gramu 500. Bei 600.

Sikugeuka kumtazama kaka, lakini nilisikia kiti chake.

"Kwa hiyo inawezekana," mwenyekiti alisema. "Kwa bei hiyo na uzito huo, bekari hiyohiyo iliweza."

"Mei ilikuwa imefungwa. Nyie ndio mliofunga."

"Basi uliandika uongo?"

"Niliandika nilichoambiwa."

"Na hivi vipimo kumi na kimoja, ni nani aliyekuambia uviandike?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli. Mtu aliyetia saini mkate ambao haukuokwa, ataaminiwaje kwa mikate aliyoila? Kamati ilitoka kwa robo saa. Rufaa imekataliwa.

Tulipofika kwenye ukumbi wa nje, wifi alitangulia bila kunitazama. Kaka alisimama karibu yangu, anahangaika na mwavuli uliokataa kufunguka.

"Kumbe Mei nilikuwa nauza," alisema.

Nikaanza kumweleza: mikataba, ada, mchele wa Jumapili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira, kama alivyokuwa akimsikiliza mwenye ghala. Kisha akauacha mwavuli, akatoka hivyohivyo kwenye mvua.

Ijumaa, 13 Juni

Jina langu halimo kwenye orodha ya mikataba mipya. La Bwana Desimali limo.

Jumatatu, 16 Juni

Redio: kwa kuwa gharama za maisha zimeshuka, mwaka huu hakutakuwa na nyongeza ya pensheni wala mishahara. Uchumi umekua kwa asilimia sita nukta nne. Jirani yangu mstaafu aliniuliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama ni kweli, maana mimi ndiye mwenye kujua mambo hayo. Nilimwambia ni kweli, ndivyo ilivyoandikwa.

Jumamosi, 21 Juni

Mvua imekwisha. Siku ya tatu hii jua kali.

Nilikwenda bekari. Sikualikwa, niliona watu wakipita na matofali kwenye toroli nikajua. Mwenye nyumba amewapa mpaka mwisho wa mwezi. Kaka na yule mzee aliyemfundisha baba kukanda walikuwa wanabomoa tanuri, tofali baada ya tofali, wanagonga saruji kwa nyundo na kuyapanga: mazima huku, yaliyopasuka kule. Ya kule yalikuwa mengi zaidi. Wifi alikuwa anafagia.

Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia niingie wala niondoke. Baada ya muda kaka alijipangusa mikono, akaja hadi karibu na kizingiti.

"Tofali la tanuri lililotumika," aliuliza, "siku hizi linakwenda bei gani?"

Niliijua. Najua bei ya kila kitu katika mji huu. Nikamtajia ya lililo zima na ya lililopasuka, nikamwambia upande wa gereji wanatoa zaidi kidogo.

"Asante, mama," akasema, kama anavyosema na mteja asiyemjua, akarudi kubomoa.